Tyuna mbili zinatosha: kabla hujanunua, hesabu frikwensi

Wakuu habari. Wiki hii jirani wa tatu hapa Isevya, Tabora, kaingia sebuleni kwangu akakuta chini ya TV kuna kompyuta tu na rimoti moja, akauliza ving'amuzi viko wapi, basi naona niandike kabisa jinsi kompyuta inavyofanya kazi ya ving'amuzi, maana kila mtu namuelezea nusu nusu na kuna hela watu wanaweza kuipoteza bure kama nilivyoipoteza mimi.

Hali ya nyumbani ilikuwa hivi. Saa mbili usiku mzee anataka taarifa ya habari ya ITV, mama anataka ya TBC1, na hapo hapo watoto hawajamaliza katuni zao. Tangu 2018 chaneli za bure zilivyotolewa kwenye ving'amuzi vya dishi nyumba nyingi zikawa na vyote viwili, cha dishi na cha antena, na sisi tulikuwa hivyo hivyo, rimoti tatu mezani na kelele kila jioni. Nikachukua desktop ya zamani nikaweka Ubuntu (aina ya Linux, inakaa badala ya Windows), juu yake programu ya Tvheadend ndo inapokea na kurekodi, halafu Kodi ndo inaonesha kwenye TV. Zote mbili za bure, hulipii chochote.

Sasa kwenye tyuna, yaani kile kifaa kinachoshika matangazo na kuyaingiza kwenye kompyuta, ndo nilipochemka. Nilipiga hesabu kwamba chaneli nne ni tyuna nne, nikaagiza nne kutoka Dar, zile za USB za kuchomeka kama flashi, zikaja na basi. Muuzaji alinihakikishia zinashika digitali zote. Nikachomeka, nikaskani, hakuna hata chaneli moja. Nimekaa siku mbili nahangaika na antena, kumbe boksi limeandikwa DVB-T+DAB+FM na chipu ya ndani ni RTL2832U, hiyo ni DVB-T ya zamani, wakati matangazo ya antena huku kwetu ni DVB-T2. Haiwezi hata ukiipandisha juu ya mnara. Kwa hiyo ukinunua usisikilize neno "digitali", angalia kama wameandika T2, halafu uliza jina la chipu. Mimi zilizonifaa ni zenye Si2168, Linux inaitambua vizuri, ila inataka faili la fremwea (programu ndogo inayoiendesha tyuna yenyewe) uliweke kwenye /lib/firmware, bila hilo kompyuta inaiona tyuna lakini haifanyi kazi. Fungua dirisha la amri (terminal), andika dmesg utaona yenyewe inalia inatafuta faili gani, lipakue lenye jina hilo hilo, zima kompyuta, washa.

Lakini hata zingekuwa T2 zote nne, mbili zingekaa bure, na hapa ndo nataka mnielewe vizuri. Mtambo haurushi chaneli moja kwenye frikwensi moja. Unafunga chaneli nyingi pamoja, fungu hilo mafundi wanaliita mux, na tyuna ikishika frikwensi inaleta fungu zima, ni programu tu inayochambua ipi ya kuonesha na ipi ya kurekodi. Maana yake kama ITV na TBC1 ziko fungu moja, tyuna moja inarekodi zote mbili huku mtoto anaangalia ya tatu ya fungu hilo hilo! Siku nilipoliona hilo likifanya kazi nilimuita mama aje aone. Tyuna ya pili unaihitaji pale tu mtu anapotaka chaneli ya frikwensi nyingine muda huo huo. Angalia tu programu yako iwe inaweza, Tvheadend inaweza, ila zile za kwenye CD ya tyuna nyingi zinakupa chaneli moja basi.

Kwa hiyo nunua moja kwanza. Skani, chukua karatasi andika kila frikwensi na chaneli zake, halafu weka alama kwenye zile ambazo nyumba yako inaangalia kweli, sio zote zilizopo. Mimi nilikuta alama zote zimeangukia frikwensi mbili, nikaongeza tyuna moja, nikamaliza.

Kitu ambacho karatasi haikuambii ni zile dakika za akiba. Ukirekodi unaiambia programu ianze dakika 5 kabla na iishie dakika 10 baada, maana vipindi vyetu vinachelewa, sasa kipindi cha saa mbili hadi saa tatu na kingine cha saa tatu kwenye frikwensi tofauti vinapandana pale katikati na vinahitaji tyuna mbili kwa dakika kumi na tano. Kama unayo moja, rekodi ya pili inakosa mwanzo na utadhani programu ni mbovu.

Antena. Tabora yetu hii ya miembe, mnajua. Antena yangu ilikuwa usawa wa bati nyuma ya mwembe wa jirani, kiangazi inashika vizuri, mvua zikianza majani yakilowa picha inakatika katika. Na ukigawa waya kwa splita ya njia mbili unapoteza kama desibeli (kipimo cha nguvu ya ishara) 3 na nusu, ya njia nne kama 7, yaani ishara uliyokuwa nayo ya kubahatisha inaisha hapo hapo. King'amuzi kimoja kilikuwa kinavumilia, tyuna mbili hazikuvumilia. Nilinunua bomba la chuma nikapandisha antena hadi ikaupita mwembe, nikabadilisha na waya, na ile hela ndo iliyonisaidia kuliko tyuna yoyote. Ila ukipandisha chuma juu hivyo lazima ukifungie waya wa ethi uliozikwa ardhini, na radi zikianza chomoa waya wa antena kwenye kompyuta, usisubiri. Mimi Januari moja nilisubiri taarifa ya habari iishe, tyuna ikafa.

Umeme wa USB nao. Tyuna zinapata moto na zinakula umeme, mlango wa USB 2.0 unatoa miliampia 500 tu, ukichomeka mbili kwenye habu ndogo (kile cha kuongeza milango ya USB) isiyo na adapta yake ya umeme utaona moja inapotea katikati ya rekodi. Weka habu yenye adapta, na tyuna ziachane kidogo zipate hewa. Watu wanaogopa kasi lakini kasi sio shida, fungu la T2 hata likijaa halizidi sana megabiti 50 kwa sekunde na USB 2.0 ni 480. Hata nafasi ya diski isikutishe, chaneli ya megabiti 2 inakula kama GB 0.9 kwa saa.

Kwa wenye dishi la chaneli za wazi, hesabu ni nyingine. LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi, inaamriwa na tyuna yenyewe, volti 13 au 18 kuchagua mawimbi ya wima au ya mlalo, na toni ya 22 kHz kuchagua bendi ya juu au ya chini, sasa tyuna mbili kwenye waya mmoja zinagombana, moja inataka 13 nyingine 18. Splita ya antena haisaidii hapo. Nunua LNB ya twin (yenye matundu mawili ya waya), kila tyuna na waya wake kutoka juu hadi chini.

Na chaneli za kulipia msitegemee. Tyuna inaona majina yake kwenye orodha lakini zimefungwa, na mimi sijahangaika na njia za pembeni. King'amuzi cha mpira, kile cha dishi, bado tunacho, tunakichomeka HDMI ya pili siku ya mechi tu. Kile cha antena nimekiweka kabatini, na saa mbili mzee anaangalia ITV, mama anaangalia TBC1 yake saa tatu akitoka jikoni, iko imerekodiwa.

Ukikwama kwenye fremwea niandikie jina la chipu na ile mistari ya dmesg, nitakujibu.