Ndege ya vita ikipita juu ya Birere, usitoke kuangalia

Tarehe 24 Januari 2023, saa kumi na moja jioni ilikuwa imepita kidogo, nilikuwa mtaa wa Birere hapa Goma, mashariki ya Kongo (DRC), nafunga duka. Ngurumo ya Sukhoi, ndege ya vita ya jeshi la Kongo, ilipokuja nilifanya kama mtaa mzima: nikatoka mbio, simu mkononi, uso juu. Tuliona mstari wa moshi ukiifuata ile ndege, kisha kishindo, na cheche zikamwagika angani. Haikuanguka, ilitua uwanjani ikiwa imeumia. Nilipogeuka nikamkuta mwanangu wa miaka saba katikati ya barabara, ameziba masikio, analia. Alinifuata mimi.

Kwa asiyeujua mji wetu: kaskazini ya uwanja wa ndege kuna volkano ya Nyiragongo, kusini kuna ziwa Kivu. Ncha ya kusini ya uwanja inaishia kwenye nyumba za Birere, na Birere imepakana na Gisenyi ya Rwanda kiasi kwamba watu husalimiana kutoka upande hadi upande. Ndege ikienda kilomita 300 kwa saa, kilomita moja inaimaliza kwa sekunde 12. Waliopiga ni Rwanda: walisema ndege imeingia anga yao, na kwamba ni mara ya tatu. Kongo ikasema ilikuwa ndani ya anga ya Kongo, na kuipiga ni kitendo cha vita. Novemba 7 ya mwaka uliotangulia Sukhoi nyingine ilikuwa imetua kwa muda mfupi Rubavu, upande wa Rwanda, na Kongo yenyewe ikasema iliingia huko kwa bahati mbaya. Mimi sina rada ya kuwaamulia. Ninachojua ni kwamba kombora likipasuka juu, vyuma vyake lazima vishuke, na chini tupo sisi.

Kwa hiyo ukisikia ile ngurumo, ingia ndani na mwite mtoto kwa jina lake. Usidhani anakufuata. Nyumba zetu nyingi ni za mbao na bati, na mbao haizuii chuma. Kama una ukuta wa mawe ya volkano, hata ule mfupi wa uani, lala chini nyuma yake. Kaa mbali na vioo. Kishindo kikipita usitoke mara moja, subiri. Ukikuta kipande cha chuma uani usikiguse, wala mtoto asikichezee, hata kama kimepoa.

Na simu iache mfukoni. Hapa nasema kwa uchungu. Usiku ule nilituma ujumbe wa sauti kwenye kikundi cha familia: vita imeingia mjini, kimbieni. Sikuwa na uhakika, nilikuwa na hofu tu. Dada yangu alifunga mizigo, akachukua watoto watatu usiku kuelekea Sake, mji mdogo magharibi ya Goma. Mjini hakukuwa na vita usiku ule. Mapigano yalikuwa upande ule aliokimbilia: siku mbili baadaye mji wa Kitshanga uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na wakimbizi wakaanza kujaa Sake. Walirudi salama, Mungu ni mwema, ila hofu yao ilitoka kinywani mwangu. Tangu hapo, kama jambo sikuliona kwa macho yangu, silitumi. Nikiliona, nasema nilichoona na mahali nilipokuwa, basi.

Kuna ujumbe wa sauti mwingine mbaya zaidi, ule unaotaja jirani kwa sura yake au lugha ya mama yake kwamba ni wa upande wa pili. Huo usiupeleke kwa mtu yeyote. Nimeona mama muuza mboga akifunga biashara wiki nzima kwa sababu ya ujumbe mmoja.

Ninyi mnaovuka Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Goma na Gisenyi, kutafuta chakula cha watoto, pangeni mapema. Tangu Juni 2022 Kongo ilikuwa inafunga mpaka saa tisa alasiri, na aliyechelewa alilala Gisenyi atake asitake. Jueni mtalala kwa nani, na nani atabaki na watoto. Sisi tulikubaliana na mama mmoja wa ng'ambo tunayeuziana naye nyanya: akikwama huku analala kwetu, nikikwama kule nalala kwake. Namba yake nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya mlango, maana simu huzimika, na mwanangu anajua kuisoma.