Jibu: Mbona biti yangu hailii kama TV game ya zamani?

Ndugu, umesema umeweka wimbi la mraba (sauti ya kielektroniki yenye mlio mkali) kwenye FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, lakini biti bado ni nene na laini mno. Umerundika vitu vingi. Chipu ya sauti ya NES, ile TV game ya zamani ya Nintendo, ilikuwa na njia 5 tu za sauti: mbili za mraba, moja ya pembetatu, moja ya kelele, na moja ya vipande vilivyorekodiwa. Zima mwangwi wote kwanza.

Kila njia ilitoa noti moja kwa wakati. Ukitaka noti tatu pamoja, usizibonyeze zote, zipokezane upesi, kama mara 60 kwa sekunde. Ule mtetemo unaoutafuta uko hapo hapo. Upana wa wimbi la mraba nao (sehemu ya kila mzunguko ambayo wimbi liko juu) ujaribu kwenye asilimia 12.5, upate mlio mwembamba wa puani, kisha 25 kwa melodi iliyojaa kidogo.

Besi ipe pembetatu na usiguse volyumu yake, maana kwenye chipu ile ililia au ikanyamaza, basi. Kiki, yaani mdundo wa ngoma kubwa, pia hutoka hapo: shusha noti ghafla kutoka juu hadi chini, uibandike kelele fupi.

Kama hela ni shida, LMMS ni programu ya muziki ya bure na ina FreeBoy, ala inayoiga sauti ya Game Boy, gemu ya mkononi ya Nintendo. FamiStudio, programu ya kutunga muziki wa NES, pia ni bure, na kwa NES mimi ningeanza nayo.

Halafu usiipimie kwenye subwufa za matatu, zitakudanganya. Tupia hapa kipande kifupi tusikie.