VGA kwenye laptop, HDMI kwenye TV: ninunue adapta ipi?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nafundisha sekondari huku Kongwa. Laptop yangu ni ya zamani, ina tundu la VGA tu, lile la zamani la kupeleka picha kwenye skrini. Shule imepata TV ya inchi 43 yenye HDMI peke yake, tundu la kisasa la picha na sauti. Nilipokwenda Dodoma mjini nikanunua adapta, nikaiunga kwa waya wa VGA. Kila kitu kimeingia, lakini TV inaandika "No Signal". Laptop ndiyo mbovu? Mwenzangu anashauri tutumie njia isiyo na waya, ila naogopa itatumaliza bando.

Jibu: Nzuri, Mwalimu. Kabla hujaisingizia laptop, ishike hiyo adapta uitazame. Kama upande wake wa HDMI ni wa kuchomeka moja kwa moja kwenye TV, na upande wa VGA una matundu 15 badala ya pini, basi umeuziwa ya kinyume. Hiyo ni ya kutoa picha kwenye kompyuta yenye HDMI kuipeleka kwenye projekta au monita ya VGA. Kwa kuwa inaingia vizuri huku na huku, wengi huishia kulaumu kompyuta.

VGA, ambayo IBM iliileta mwaka 1987, hupeleka rangi nyekundu, kijani na buluu kama umeme unaopanda na kushuka. HDMI inataka picha iliyogeuzwa kuwa tarakimu, yaani ya kidijitali. Katikati lazima kuwe na chipu ya kubadilisha, nayo hufanya kazi kwa mwelekeo mmoja tu. Ndiyo maana hata ule waya mtupu wenye VGA huku na HDMI kule, usio na chipu, usiuguse hata ukiuziwa bei ya karanga.

Dukani usiseme tu "nipe adapta ya VGA na HDMI". Sema: inatoka kwenye kompyuta ya VGA, inaingia kwenye TV ya HDMI. Upande wa VGA uwe na pini, upande wa pili uwe tundu la HDMI. Mara nyingi huwa na mkia wa USB. Uchomeke kwenye laptop, maana chipu inahitaji umeme. Chagua yenye kiwaya cha sauti pia, kile kinachoingia kwenye tundu la hedifoni, kwa sababu VGA haibebi sauti kabisa. Na ukiweza, nenda na laptop, ijaribiwe pale pale.

Ukishaunga, chagua kwa rimoti tundu lile lile la HDMI ulilotumia, kisha kwenye laptop bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague Duplicate, yaani picha ile ile ionekane kwenye laptop na TV. Maandishi yakiwa na ukungu, ongeza resolusheni (idadi ya nukta zinazounda picha) hadi 1920 kwa 1080. Laptop ikikataa, 1280 kwa 720 inatosha kwa darasa. Kingo za picha zikikatwa, tatizo liko kwenye TV: ingia mipangilio ya picha, tafuta ukubwa wa skrini, chagua ule usiokuza picha.

Kuhusu bando, ondoa hofu. Miracast huunganisha laptop na TV moja kwa moja kwa Wi-Fi, bila intaneti. Bando litaliwa tu kama video yenyewe unaivuta mtandaoni. Tatizo ni kwamba vifaa vyote viwili lazima viwe na Miracast, na Windows 7 haikuja nayo. Kwa laptop ya umri huo, mimi ningeweka pesa kwenye adapta.

Wakati unaisubiri, tazama kama TV ina tundu la USB. Video za MP4 kwa kawaida zitacheza kutoka kwenye flashi. Slaidi za PowerPoint TV nyingi hazifungui, kwa hiyo zihifadhi kama picha za JPEG na uziweke kwenye folda moja. Utazisogeza kwa rimoti.