Mwanangu anasoma vitabu nisivyovijua, nifanyeje?

SWALI: Dada habari za kazi. Binti yangu ana miaka 12 na anapenda kusoma balaa, namshukuru Mungu kwa hilo, ila kasi yake siiwezi, leo kamaliza hiki kesho ana kingine, vingine anaazima kwa wenzie, vingine anasoma humohumo kwenye simu, na juzi nimeona jalada moja nikashtuka. Muda wa kuvisoma vyote sina. Nikimnyang'anya naogopa ataacha kusoma, nikinyamaza silali. Nisaidie.
Mama Binti

JIBU: Nzuri mama Binti. Kwanza usimnyang'anye kitu kwa sababu ya jalada, majalada yanachorwa ili yauze, na kitabu chenye jalada la maua kinaweza kuwa na mambo mazito kuliko hicho kilichokushtua.

Huna haja ya kusoma vyote. Andika jina la kitabu pamoja na la mwandishi kwenye intaneti, maana majina ya vitabu yanafanana sana, au tumia ile namba ya ISBN ya nyuma ya kitabu, yaani namba ya kukitambulisha, ina tarakimu 13 (vya kabla ya 2007 zilikuwa 10), hapo hukosei. Kuna tovuti ya Common Sense Media, iko tangu 2003, wanakuambia kitabu kinamfaa mtoto wa umri gani na ndani kuna nini, kama ni vita, matusi, mapenzi au ulevi, na wazazi na watoto wenyewe wanatoa maoni yao, ila ni Kiingereza. Goodreads nayo ina maoni mengi sana ya wasomaji, lakini nyota za pale zinakuambia utamu wa kitabu tu, hazisemi kama kinamfaa wa miaka 12. Mimi huanza na waliokipa nyota chache, hao ndio wanaotaja kilichowakera.

Halafu usiamini sana maandishi ya mchapishaji kwamba kitabu ni cha vijana. Kundi hilo kwa kawaida linaanzia miaka 12 mpaka 18, sasa we fikiria wa 12 na wa 18 wako sawa kweli? Na vile vitabu vya mfululizo uviangalie zaidi, kwa sababu mara nyingi cha kwanza ni cha kitoto kabisa, mhusika anakua kitabu hadi kitabu na mambo yanakua naye, ukiwa umekagua cha kwanza tu ukaridhika unaweza usijue cha nne kina nini. Ukikishika mkononi fungua katikati usome kurasa kama kumi, mwanzo huwa mpole. Mkutubi pia muulize, ile ndiyo kazi yake na anajua watoto wa umri huo wanaazima nini.

Ila hayo yote yatakuambia kilichomo kitabuni tu, hayatakuambia kimemwingiaje mwanao, na hilo ndilo kubwa kwangu. Muulize yeye. Usimuulize kama polisi, muulize nani kamuudhi humo ndani, wapi palimtisha, wapi aliruka kurasa, na watoto wanaruka sana wakiona pamewazidi. Akikusimulia sikiliza mpaka mwisho, usikatize na onyo, maana ukimkatiza mara mbili tu atakuwa anakuambia "kizuri tu mama" na mlango umefungwa. Ukiweza soma naye kimoja kati ya hivyo, sura kwa sura.

Ya kwenye simu ndiyo ningekimbilia leo. Kama ni Wattpad, pale mtu yeyote anaandika na kupandisha hadithi bila mhariri kuipitia, alama ya kwamba ni ya watu wazima anaiweka mwandishi mwenyewe, na masharti yao yanataka mtu awe na angalau miaka 13. Wako ana 12. Kaa naye muingie pamoja kwenye akaunti yake muone alichohifadhi, na kwa kuwa hajafikisha umri mwambie wazi kwamba hapo asubiri, ila siku hiyohiyo uwe umempatia kitabu kingine cha kusoma.