Maswali ya Wasomaji: Nahau za Kiingereza na Hadithi Zake

SWALI: Nafundisha Kiingereza. Nimesoma mtandaoni kwamba Waingereza husema "it's raining cats and dogs", yaani mvua inanyesha sana, kwa sababu zamani paka na mbwa walilala juu ya mapaa ya nyasi, na mvua kubwa ikinyesha waliteleza wakadondoka. Niwaeleze wanafunzi hivyo?

JIBU: Hapana, mwalimu, usiwaeleze hivyo. Mbwa anayekimbia mvua hutafuta pa kujikinga. Hapandi juu ya paa akalala pale pale inaponyesha. Hadithi hii ilienea kwa barua pepe mwaka 1999, ikiwa pamoja na nyingine nyingi zilizodai kueleza maisha ya Uingereza ya miaka ya 1500.

Tazama maandishi yenyewe. Tamthilia ya Richard Brome iliyochapishwa katika miaka ya 1650 inataja mvua ya mbwa na vicheche. Mwaka 1738 mwandishi Jonathan Swift akaandika paka na mbwa, kama inavyosemwa leo. Wapo wanaodai chimbuko ni shairi la Swift la mwaka 1710, linaloeleza mvua ya London ikisomba mizoga ya paka na vitoto vya mbwa. Shairi lipo kweli, lakini limechelewa: Brome alikuwa ametangulia kwa zaidi ya nusu karne.

Waambie wanafunzi pia kwamba mpangilio haugeuzwi. "Dogs and cats" haipo katika nahau hii. Na katika mazungumzo ya siku hizi, "it's pouring" inatosha kabisa. Nahau yenyewe imechakaa kiasi, na mwanafunzi anayeichomeka katika kila insha haandiki vizuri zaidi kwa sababu hiyo.

SWALI: Je, ndoo iliyo katika "kick the bucket", yaani kufa, ni ile anayoisimamia mtu anayejinyonga, kisha akaipiga teke?

JIBU: Hayo ndiyo maelezo yanayosikika zaidi, lakini yapo yenye mizizi imara kuliko hayo. Katika lahaja za Kiingereza neno "bucket" lilikuwa na maana nyingine: boriti ya kutundikia mnyama aliyechinjwa. Shakespeare alilitumia kwa maana ya boriti au mti wa kubebea katika sehemu ya pili ya tamthilia ya Henry IV, mwishoni mwa miaka ya 1500. Nguruwe alitundikwa miguu juu, na misuli ilipokuwa ikishtuka kwa mara ya mwisho, miguu iligonga boriti. Nahau imo katika kamusi ya Francis Grose ya mwaka 1785, ikiwa tayari na maana ya kufa.

Hapa matumizi ni muhimu kuliko asili, kwa sababu kosa linaumiza watu. Nahau hii ni ya mzaha, haina heshima kwa marehemu. Usiiweke kwenye salamu za rambirambi. Andika "passed away" au "died". Kisarufi, kitenzi hubadilika kwa wakati tu: "kicked the bucket". Ukiigeuza kuwa "the bucket was kicked", msomaji ataona ndoo halisi iliyopigwa teke. Hata wakifa watu kumi, ndoo hubaki moja. Linganisha na "spill the beans", yaani kumwaga mtama: hiyo inakubali kutendwa, "the beans were spilled", na siri bado inakuwa imetoka.

SWALI: "Bite the bullet" ilitokana na upasuaji wa askari bila ganzi?

JIBU: Ushahidi wa mapema unaelekeza kwenye viboko. Toleo la 1796 la kamusi ya Grose linaeleza kwamba katika baadhi ya vikosi ilikuwa fahari kwa askari kutopiga kelele anapochapwa, hivyo alitafuna risasi. Mwaka 1891 mwandishi Rudyard Kipling aliitumia akimaanisha kujikaza ili wengine wasikuone una hofu. Leo maana yake ni kupiga moyo konde na kufanya jambo chungu lisiloepukika: "we bit the bullet and sold the house".

Wengi huichanganya na "dodge a bullet", ambayo ni kuponea chupuchupu. Mmoja amelikabili balaa, mwingine limempita.

SWALI: Na "turn a blind eye"?

JIBU: Ni kujitia hamnazo. Huhusishwa na Nelson, kamanda wa jeshi la majini la Uingereza, katika vita vya Copenhagen, Aprili 1801. Mkubwa wake, Admirali Hyde Parker, alitoa ishara ya kusitisha mapigano, na inasimuliwa kwamba Nelson aliweka darubini kwenye jicho la kulia, lililopoteza nuru vitani huko Calvi, Corsica, mwaka 1794, akasema haoni ishara. Kumbuka kihusishi ni "to": "turn a blind eye to corruption", si "on".

SWALI: Nitajuaje mwenyewe kama hadithi ya asili ya nahau ni ya kweli?

JIBU: Anza na tarehe. Tafuta mwaka wa kwanza nahau ilipochapishwa, kisha mwaka wa tukio linalodaiwa kuizaa. Nahau ikitangulia tukio, hadithi imekufa. Mfano mzuri ni "the whole nine yards", yaani kitu chote bila kubakiza. Wengi husimulia kwamba ni urefu wa mikanda ya risasi za ndege za Vita Vikuu vya Pili. Lakini gazeti moja la Kentucky, Marekani, lilikuwa likiandika "the whole six yards" mwaka 1912. Tarehe peke yake inaiangusha hadithi ya ndege, na tofauti ya yadi sita na tisa inaonyesha kwamba namba haikuwa kipimo cha kitu chochote mahususi.

Kamusi ya kuaminika kwa kazi hii ni ile inayoweka nukuu zenye mwaka chini ya kila maana. Ukurasa unaosimulia kisa kitamu bila mwaka wala jina la andiko, uache.