Wadogo zangu wa majaribio, namba kumi imejaa

Jumamosi iliyopita, saa moja asubuhi, nilikuwa kwenye meza ya kuandikisha vijana waliokuja kwenye majaribio ya mpira, pembeni ya uwanja. Baridi ya Julai ya hapa Mbeya mnaijua, vidole vinakufa mpaka kalamu inaponyoka. Ukungu ulikuwa haujaachia mlima Loleza. Vijana 58 kwenye foleni, daluga zimening'inia shingoni, na kila niliyemuuliza namba anayocheza alinijibu swali halijaisha. Kumi. Kumi. Nane au kumi, mwalimu. Kumi. Foleni ilipokwisha nikahesabu: namba kumi, wale wachezeshaji wa nyuma ya mshambuliaji, 23; namba tatu, beki wa kushoto, mmoja; namba mbili, beki wa kulia, hakuna. Makipa walikuwa wawili, na mmoja wao aliinama akaninong'oneza kwamba nafasi ikipatikana, kumi pia anaiweza.

Nawapenda, wadogo zangu, na mmenichosha. Makosa ya mwaka huu ni ya mwaka jana, ya mwaka jana ni ya mwaka juzi, na kubwa kuliko yote nililifanya mimi wakati wengi wenu hamjazaliwa. Kambi ijayo haiko mbali, kwa hiyo someni.

1. Mezani sema namba yako.

Mimi nilikuwa namba mbili. Nimeanza kuicheza darasa la tano pale Uyole, nikaenda nayo UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, nikaenda nayo UMISSETA ya sekondari. Nilijua wakati wa kupanda na wakati wa kubaki. Nilijua kumsukumia winga kwenye mstari mpaka uwanja umuishie. Kwa mbio sikuwa wa kutisha, ila kunipita ilibidi ufanye kazi.

Nikasikia timu moja ya hapa mjini inafanya majaribio ya vijana, siku tatu. Daluga sikuwa nazo. Kaka yangu mkubwa akauza magunia mawili ya viazi ambayo alikuwa ameyaweka akisubiri bei ipande, tukaenda Mwanjelwa kwenye mitumba, akaninunulia nyeusi, soli nzima, kasoro kidogo kwenye kisigino. Alizijaribu yeye kwa kuzikunja, akazinusa ndani, akabishana na muuzaji robo saa nzima. Njiani kurudi alizibeba mwenyewe.

Siku ya kwanza nikasimama kwenye foleni. Wa mbele yangu akasema kumi. Wa mbele yake alikuwa amesema nane. Walikuwa vijana wa mjini, wamenyoa vizuri, wanacheka na yule aliyekuwa anaandika kama wanafahamiana. Nikaona nikisema "mbili" nitakuwa mshamba aliyekuja kujaza nafasi. Mzee wa mezani hata hakuinua kichwa. "Namba?" Nikasema kumi.

Siku mbili nzima nilikaa nje. Namba kumi tulikuwa kumi na moja, na mechi ina mmoja kila upande. Siku ya tatu ndipo nikaitwa, nikavaa kizibao, nikaingia. Sasa sikilizeni kitu ambacho mtu hakioni mpaka akifanye: beki wa pembeni anapokea mpira uwanja wote ukiwa mbele ya macho yake, mstari uko mgongoni, na mstari haukabi. Namba kumi anapokea huku mtu anampumulia kisogoni. Pasi ya kwanza iliyokuja ikanigonga ugokoni ikaenda. Ya pili nikaituliza vizuri, nikageuka, nikakuta sina mpira. Ya tatu hivyohivyo. Ya nne nikasema hapa hapa, nikalazimisha kupiga chenga katikati ya uwanja, nikanyang'anywa, wakashambulia, wakafunga. Namba tano wetu alinitazama tu. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Halafu kikatokea kile ambacho mpaka leo kinaniamsha usiku. Namba mbili wa upande wetu akateguka kifundo. Akatolewa amebebwa, na kocha akaja kwenye mstari akauliza kwa sauti, "Nani anacheza mbili?" Kimya. Akageuka, akauliza tena, "Hakuna namba mbili hapa?" Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake. Niliuona mpaka uzi uliochomoka kwenye ukosi wa jaketi lake. Mdomo ukafunguka, sauti haikutoka. Nilichokuwa nawaza ni kwamba nikinyoosha mkono ataniuliza mbona mezani ulisema kumi, na wale vijana waliosuka urafiki na mwandishi watacheka.

Kijana mmoja, namba sita, akanyoosha mkono. Hakuwahi kucheza pembeni, aliniambia mwenyewe baadaye. Akaenda, akacheza dakika zilizobaki bila maajabu yoyote, alisimama pale panapotakiwa basi. Jioni jina lake likasomwa. Mimi nikapanda daladala kurudi Uyole, daluga nimezificha kwenye mfuko wa rambo, sitaki mtu aniulize.

Nyumbani kaka akauliza ilikuwaje. Nikamwambia wamebeba watu wao, bila kujuana huingii. Nikaona uso wake ulivyobadilika, na hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, maana kosa la kwanza lilikuwa la kwangu peke yangu, hili nikampa yeye alibebe. Miaka na miaka aliisimulia: misibani, harusini, kwenye kahawa, "mdogo wangu walimbania." Alimchukia yule kocha, mtu ambaye aliuliza mara mbili nani anacheza namba yangu. Watu wakimsifia timu ile, anaondoka.

Nilimwambia ukweli mwaka jana. Tulikuwa tunapakia viazi kwenye fuso, sijui kwa nini siku ile. Akaweka gunia chini, akanyamaza, kisha akauliza kitu kimoja. "Ulisimama mbali naye?"

"Hatua tano."

Akatikisa kichwa, akalibeba gunia lake. Hatujarudi kwenye hayo maneno.

Kwa hiyo ukija mezani kwangu ukaniambia kumi, na miguu yako, simama yako, jinsi unavyoangalia uwanja vinaniambia tatu, nitakuuliza mara ya pili. Usinikasirikie.

2. Wiki hii hakuna atakayekuona mpaka akuone.

Yule mmoja aliyesema tatu alitoka Kyela. Mfupi, daluga kubwa kwake, mbele amejaza soksi. Siku ya kwanza tulimweka kundi la mwisho, vizibao vya njano, likacheza saa sita wakati walimu tunakunywa chai. Kwenye daftari langu siku hiyo kuna namba yake ya usajili, neno Kyela, na tarakimu 3. Basi. Hakuna aliyemtazama, na mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kutazama.

Siku ya pili kundi lake likapangwa na wale wakubwa. Dakika ya tatu tu winga mrefu mmoja akampiga tobo, jukwaa dogo lile likashangilia. Nilitegemea moja kati ya mawili ninayoyaona kila mwaka: amkate miguu, au asimame ashike kiuno. Hakufanya hata moja. Aligeuka, akakimbia, akamkuta winga anajiandaa kupiga krosi, akautoa ukawa kona. Mpira uliofuata akasimama nusu hatua nyuma zaidi, mwili ameuelekeza ili winga aende nje. Alipitwa mara moja tena. Baada ya hapo yule winga akahamia upande mwingine.

Nikaanza kumfuatilia. Kila kipa wao alipopewa goli kiki, vijana wengine wote walikuwa wanakimbilia katikati kusubiri mpira mrefu. Yeye alikuwa anaingia ndani ya boksi, anafungua mwili, anaomba mguuni. Sheria hiyo imebadilika tangu 2019, mpira hauhitaji kutoka nje ya boksi ndipo mwenzako auguse, na bado nusu ya mnaokuja kambini hamjui. Anapokea, anampa sita, anapanda. Na alikuwa anawaita wenzake kwa majina. Siku moja tu ya kufahamiana, anamwita namba nne kwa jina lake, "mgongoni, mgongoni!" wakati ninyi wengine mnaitana "oya."

Kipindi cha pili akapoteza mpira kule juu karibu na kibendera cha kona, kosa lake kabisa. Akarudi mbio uwanja karibu wote, akafika kabla ya namba tisa wao, akautoa nje. Mwalimu mkuu alikuwa pembeni yangu anatafuna karanga. Mkono ukasimama njiani. "Yule tatu ni nani?" Nikafungua daftari, na nilipoona kilichoandikwa pale nikaona aibu.

Jioni nikamuuliza nani alimfundisha kuomba mpira ndani ya boksi. Akasema hakuna. Kwao uwanja umepakana na mashamba ya mpunga. Kipa akipiga mrefu mpira unaingia majini, mechi inasimama, wanautafuta, jua linazama. Kwa hiyo wamezoea kuanza mfupi. Nikacheka sana, naye akacheka, kisha akasema "ndaga, mwalimu," yaani asante kwa Kinyakyusa, akaenda kula.

Hajakamilika. Mguu wa kulia ni wa kutembelea tu, na mipira ya juu anaifumbia macho. Lakini yuko kambini, na wale namba kumi 23 wamebaki wanne.

3. Umri wako ni ule uliozaliwa nao.

Hapa nitasema kidogo kwa sababu nikianza nitakasirika. Siku hizi mashindano ya chini ya miaka 17 wanapima umri kwa picha ya MRI ya kifundo cha mkono, na mfupa hauna cheti cha kughushi. Mwaka 2017 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walikuwa wameshatolewa na Congo-Brazzaville kwenye kufuzu. Congo wakashindwa kumpeleka mchezaji wao mmoja kwenye kipimo, wakaondolewa, vijana wetu wakaenda AFCON ya vijana kule Gabon. Mchezaji mmoja, nchi nzima ikarudi nyumbani. Mwaka huu wawili wameniletea vyeti vipya vinavyonukia wino. Nimevirudisha bila kumtangazia mtu, na nimewaambia waje na umri wao, wacheze timu ya umri wao.

4. Mambo madogo.

Daluga mpya zivae nyumbani wiki mbili kabla. Mpira wa kurusha hauna ofsaidi, acheni kurudi. Kocha akisimamisha mazoezi, simama na mpira usiuchezee. Mnaotoka Kyela na pwani, mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, siku mbili za mwanzo pumzi itakata, ni kawaida, usijidai kuongoza mbio za kupasha. Kunywa maji hata kama ni baridi. Simu mpe mama yako.

5. "Watu wa Dar hawatuoni."

Nimelisikia hili kwenye bweni usiku, na limenichoma, kwa sababu ni lilelile nililompa kaka yangu. Kubaniana kupo, sitawadanganya, nimeona kwa macho vijana wazuri wakiachwa kwa sababu ya mjomba wa mtu. Lakini Tukuyu Stars walibeba ubingwa wa Bara 1986 wakitokea kule kwenye mvua na migomba. Mbeya City walipanda, na msimu wao wa kwanza kabisa Ligi Kuu, 2013/14, wakamaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga, uwanja wa Sokoine hauna pa kukanyaga. Taifa Stars imekwenda miaka mingi na Kapombe kulia na Tshabalala kushoto, mabeki wa pembeni wote wawili, na jezi zao watoto wananunua. Kabla hujasema umebaniwa, kaa kitandani ujiulize kuna mtu aliuliza namba yako ukanyamaza? Kama hakuna, njoo uniambie, nitakwenda na wewe ofisini kuuliza.

6. Uje na sweta.

Nasema kila mwaka. Godoro tutakupa, blanketi moja tutakupa, halitoshi. Usiku wa kwanza nilipita bwenini kukagua nikamkuta dogo wa Kyela amelala na kizibao cha njano juu ya fulana, magoti yamegusa kidevu, anatetemeka usingizini. Nikavua sweta langu la kijani nikamfunika. Asubuhi alilikunja vizuri akaniletea, nikamwambia avae. Analo mpaka leo, linampwaya mabegani, mikono ameikunja mara tatu, na kila ninapomwona nalo anapasha misuli nafurahi.