Muulize Fundi: Kadi inasoma 128 GB, mbona picha zinafunguka kijivu?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi napiga picha za harusi na kipaimara hapa Morogoro. Nilinunua memori kadi ya 128 GB kwa machinga, bei ilikuwa nzuri kweli, nikaichomeka kwenye simu ikasoma 128 GB bila shida na kazi za mwanzo zikatoka safi kabisa. Sasa hizi za karibuni nikifungua nyingine ni kijivu tupu, nyingine nusu picha nusu kijivu, video ndio hazifunguki kabisa, ila majina ya faili yapo na ukubwa unaonekana. Fundi wa mtaani kaniambia simu ndio mbovu. Kama kadi ni feki, mbona simu ilisoma 128? Na picha za watu nazipataje?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, harusi ya mtu hairudiwi ili upige picha upya, kwa hiyo kabla hujasoma zaidi itoe hiyo kadi kwenye simu na usipige hata picha moja mpya juu yake. Kwa dalili ulizoeleza simu yako ni nzima. Kadi ndio imedanganya, tena imeidanganya simu kwanza ndio na wewe ukafuatia.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba simu haioni kumbukumbu yenyewe hata siku moja. Ndani ya hicho kikadi cheusi kuna vitu viwili, kuna chipu ya kuhifadhi data, na kuna kidude kingine kinaitwa kontrola, ambacho ni kompyuta ndogo kabisa yenye programu yake. Simu inaongea na kontrola tu, sawasawa na mtu anayehudumiwa dirishani na mtunza stoo, anaomba anapewa, ndani haingii.

Maongezi yenyewe yako hivi. Memori kadi ndogo ya simu ina pini 8: moja ya umeme kuingia, moja ya ardhi ambako umeme unarudi, moja ya mapigo ya saa yanayopanga mwendo wa maongezi, moja ya amri, na nne za kupitishia data. Kadi haianzi kuongea yenyewe, inasubiri iulizwe. Ukiichomeka, simu inaanza taratibu, mapigo hayazidi kilohezi 400 kwa sababu bado haijajua imechomekewa kadi ya aina gani, inatuma amri namba 0 maana yake jiweke upya, halafu namba 8 ya kuuliza kama kadi inauweza umeme inaopewa, halafu inauliza uko tayari, uko tayari, inarudia mpaka ijibiwe ndio. Kadi ikishaitajia simu anwani yake ya kuitwa, simu inatuma amri namba 9, nipe maelezo yako. Kwenye majibu ya hiyo amri ndimo kuna namba ya ukubwa, na hiyo ndio 128 uliyoiona kwenye skrini, simu haikupima chochote, imesoma tu ilichoambiwa. Baada ya hapo ndio mwendo unaongezwa, megahezi 25, 50 au zaidi kulingana na kadi.

Sasa wanaotengeneza feki wanachukua chipu ya 8 GB au 16, wanabadilisha programu ya kontrola iseme 128, basi. Wewe unaanza kujaza, mpaka hapo chipu inapoishia kila kitu ni kizima kweli, ndio maana kazi zako za mwanzo zilitoka safi. Ukipita hapo, kadi nyingine zinarudi mwanzo na kuandika juu ya vya zamani, nyingine zinatupa data moja kwa moja, lakini zote zinajibu simu kwamba tayari, imeandikwa. Simu inahakiki kweli kwamba data haikuharibika njiani, ila uhakiki huo ni wa safari ya kwenye pini tu, kilichotokea ndani ya kadi inategemea neno la kontrola. Na majina unayaona kwa sababu orodha ya faili inakaa sehemu za mwanzo za kadi, kwenye chipu ya kweli, kwa hiyo jina lipo, ukubwa upo, picha yenyewe haipo.

Kwa hiyo chomeka kadi kwenye kompyuta, nakili kila kinachofunguka, usifomati. Zilizotupwa au kuandikiwa juu hazirudi, na mtu akikuambia mlipe azirudishe hizo, usitoe hela yako. Ukishaokoa za kuokoa, ipime kwa programu ya H2testw kama unatumia Windows au F3 kwa Linux na Mac, zinajaza kadi yote halafu zinasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachorudi. Inachukua muda mrefu, iache ikimbie usiku. Na kadi yoyote mpya, hata ya dukani yenye risiti, ipime hivyo kabla hujaipeleka ukumbini.

SWALI: Fundi, flashi yangu ya 64 GB kompyuta inasoma, sabufa haisomi. Ya 8 GB sabufa inapiga vizuri. Tatizo ni nini?

JIBU: Hapo flashi na sabufa zinaongea vizuri tu, ila sabufa haielewi mpangilio iliyoukuta. Flashi yenyewe inatoa vipande vya data, kwa kawaida baiti 512 kila kimoja, haijui huu ni wimbo au hii ni folda, kupanga faili ni kazi ya kifaa. Flashi na kadi za 64 GB mara nyingi zinakuja na mpangilio wa exFAT, na sabufa nyingi zinajua FAT32 peke yake. Hamisha nyimbo zako kwanza, kisha kwenye kompyuta tenga sehemu moja ya GB 32 au pungufu uifomati FAT32, maana kwa miaka mingi dirisha la kufomati la Windows limekuwa halikupi FAT32 ukizidi hapo. Faili moja lisifike GB 4.

SWALI: Kadi inagoma kufuta na kufomati, inasema imezuiwa kuandikwa.

JIBU: Kama umeiweka kwenye adapta kubwa, angalia kama kile kitufe cha pembeni kimeshuka, kikiwa chini kipandishe. Kadi yenyewe haina habari nacho, ni kifaa ndicho kinachokitazama na kuamua kutoandika. Kama kitufe kiko juu na bado inagoma, huenda kontrola imeishiwa sehemu nzima za akiba ikajifunga iwe ya kusoma tu, na hapo hakuna programu ya kompyuta ya kuilazimisha. Nakili vitu vyako leo hii, ununue nyingine.